Tathmini ya mfumo wa kupokea mapendekezo ya mada kwa mkutano wa uzingatiaji wa kanuni za utafiti

Niliwasilisha pendekezo la kuzungumza katika mkutano wa kimataifa wa uzingatiaji wa kanuni za utafiti, nami ninaieleza hapa huduma hiyo jinsi nilivyoikuta, tangu fomu hadi jibu la waandaaji. Jina la mkutano ninaliacha.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile inayodai malengo ya kikao. Fomu inaanza sentensi, "Baada ya kikao hiki, msikilizaji ataweza…", kisha inakuachia nafasi tatu za kuimalizia, na maelekezo yanasema wazi kwamba kitenzi "kuelewa" hakikubaliki kwa sababu hakipimiki. Mada yangu ilihusu mabadiliko ya itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, yanayotokea baada ya kamati ya maadili kuidhinisha utafiti. Mwanzoni nilikuwa nimeandika kwamba wasikilizaji wataelewa umuhimu wa ridhaa ya washiriki, maneno ambayo hakuna ambaye angeyapinga wala ambaye yangemsaidia. Nilipolazimika kuyafuta, nilikaa muda mrefu nikijiuliza mratibu wa utafiti atafanya nini hasa akirudi kazini, nikaandika kwamba ataweza kutenganisha badiliko linalopaswa kusubiri idhini ya kamati na lile linaloruhusiwa kufanywa papo hapo ili kumwondolea mshiriki hatari iliyo mbele yake. Lengo la pili lilitokana na kasoro ambayo wakaguzi huikuta mara kwa mara: kamati imekwisha kuidhinisha toleo jipya la fomu ya ridhaa, lakini ndani ya jalada kuna mshiriki aliyetia saini toleo la zamani wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa nakala zilizochapishwa mapema zilibaki kwenye droo. Pendekezo langu lilipata mwili hapo, na ninakiri kwamba bila ukali wa fomu hiyo ningepeleka hotuba ya jumla.

Ikisiri haipaswi kuzidi maneno 250, na jina la mwandishi na la taasisi yake hayaruhusiwi kuonekana ndani yake. Ni utaratibu wa haki, hasa kwa anayeomba mara ya kwanza.

Kipengele cha mgongano wa maslahi kilinisikitisha. Swali ni moja tu, "Je, una mgongano wa maslahi?", na majibu ni ndiyo au hapana, bila fasili, bila kueleza ni kipindi gani kinachohusika. Sisi wa fani hii tunawadai watafiti mengi zaidi ya hayo. Kanuni za Marekani zilizorekebishwa mwaka 2011 kwa tafiti zinazofadhiliwa na Huduma ya Afya ya Umma zilishusha kiwango cha maslahi ya kifedha kinachopaswa kutajwa kutoka dola 10,000 hadi dola 5,000, na zikagusa hata safari zinazolipiwa na wengine. Mimi niliwahi kulipwa na kampuni inayouza programu za kutunzia nyaraka za kamati za maadili ili niendeshe mafunzo, na kwa kuwa nyaraka hizo zinagusa mada yangu moja kwa moja, nililieleza jambo hilo katika nafasi ya "maelezo mengine", mahali ambapo mtathmini mwenye haraka angeweza kuliruka. Vilevile, orodha ya maeneo ya mada bado ilitaja toleo la R2 la mwongozo wa ICH E6, yaani mwongozo wa baraza la kimataifa la kuoanisha masharti ya dawa, kuhusu utendaji bora wa majaribio ya kitabibu, ilhali toleo la R3 lilipitishwa Januari 2025.

Mfumo hauhifadhi rasimu. Nilipoacha ukurasa wazi nikihakiki tarehe moja, nilirudi nikakuta majibu yote yamepotea. Anayetaka kuomba aandike kwanza kila kitu katika faili lake, ndipo ahamishie kwenye fomu.

Jibu lilifika siku ileile iliyoahidiwa. Kikao kilikubaliwa, muda ukapunguzwa kutoka dakika 60 hadi 45, lakini maoni ya watathmini hayakuambatanishwa. Niliyaomba kwa barua pepe, na baada ya siku chache nikaletewa sentensi mbili, mojawapo ikisema kwamba mifano yangu yote ilitoka katika majaribio ya dawa, na kwamba watafiti wa sayansi ya jamii, ambao washiriki wao mara nyingi hutoa ridhaa kwa mdomo, wangebaki bila cha kushika. Mtathmini huyo alikuwa amesema kweli tupu, nami nimebadilisha theluthi nzima ya slaidi kwa sababu yake. Mwenzangu ambaye pendekezo lake lilikataliwa aliambiwa tu kwamba maombi yalikuwa mengi. Naye ameandika kuomba maoni, na hadi sasa hajajibiwa.