TAHADHARI: Dawa feki za kutoa shaba kwenye mtutu wa bunduki

Wakuu, salaam. Kama unamiliki bunduki kihalali na unausafisha mtutu wake mwenyewe, soma hii kabla hujamtumia mtu pesa.

Kuna chupa zinauzwa mitandaoni kama dawa ya kutoa utando wa shaba unaoachwa na risasi ndani ya mtutu. Maneno ya muuzaji ni yale yale: dakika moja tu, inatoa shaba, masizi, madini ya risasi na kutu kwa mpigo, na hata ukiiacha usiku kucha haina shida. Lebo imechapwa upya juu ya chupa iliyokwisha kufunguliwa, kifuniko hakina lakiri, na ukimuuliza ndani mna nini anakujibu "fomula ya siri". Pesa anataka mbele. Kupoteza pesa ni maumivu, lakini ubaya mkubwa uko kwenye mtutu: ukishachimbika vishimo haurudi kuwa mpya, na mtutu mwingine unagharimu mara nyingi zaidi ya chupa hiyo.

Tuanze na video ya sarafu, maana ndiyo inayonasa wengi. Muuzaji anachukua sarafu ya shaba iliyofubaa, anaichovya kwenye dawa yake, baada ya sekunde chache inatoka inang'aa kama imetoka kiwandani. Watu wanashangilia. Kilichotoka pale ni tabaka jembamba la oksaidi lililofanya sarafu iwe nyeusi. Shaba yenyewe ipo vile vile, haijapungua kwa kiasi cha kuonekana. Siki yenye chumvi inafanya hivyo hivyo. Maana yake, chupa ile ina asidi, na pengine ina chumvi pia. Utando ulio ndani ya mtutu ni shaba yenyewe iliyopakwa juu ya chuma cha pua au cha kawaida, na kuung'arisha hakukusaidii kitu. Unataka uyeyuke utoke. Asidi yenye chumvi itaung'arisha utando, kisha itaanza kula mtutu wako, na kesho yake asubuhi utakuta kutu.

Ujanja wa pili ni kitambaa cha bluu. Huu ni mbaya zaidi kwa sababu umejengwa juu ya jambo la kweli. Dawa halisi ya amonia inapoyeyusha shaba, ikisaidiwa na oksijeni ya hewani, hutengeneza mchanganyiko wa bluu iliyokolea. Kwa hiyo kila anayesafisha mtutu amezoea kuangalia kitambaa kikitoka na bluu, na anaendelea mpaka kitoke cheupe. Muuzaji tapeli anajua hilo, basi anafanya moja ya mambo mawili. Anatia rangi ya bluu ndani ya chupa, ili kila kitambaa kitoke bluu hata kwenye mtutu usio na shaba kabisa. Au anasafisha mbele ya kamera kwa brashi ya bronzi na kichwa cha brasi cha ufito (ile fimbo ya kupitishia kitambaa mtutuni). Bronzi na brasi zote zina shaba ndani yake, kwa hiyo hata amonia dhaifu itatoa bluu kutoka kwenye brashi na kichwa hicho. Mtutu haujaguswa, brashi ndiyo inayoyeyuka! Ukitaka bluu isikudanganye tumia brashi ya nailoni na kichwa cha ufito cha plastiki, au cha brasi kilichopakwa nikeli.

Kuna na zile zinazogeuka zambarau zikigusa mtutu, unaambiwa "ona uchafu unavyotoka". Zambarau ile ni kawaida ya dawa za kusafishia rimu za magari, ambazo hubadilika rangi zikikutana na chuma au kutu. Haisemi lolote kuhusu shaba.

Picha za kabla na baada nazo zitazame kwa makini. Hesabu mifereji, ile iliyochongwa kwa msokoto ndani ya mtutu. Picha ya kwanza ina mifereji sita, ya pili ina minne: hiyo ni mitutu miwili tofauti. Angalia pia msokoto unaelekea kulia au kushoto, na ukingo wa mdomo wa mtutu una alama gani. Mikwaruzo ya ukingoni haiondoki kwa dawa, kwa hiyo kama picha ya kwanza ina mkwaruzo na ya pili haina, umeshapata jibu lako.

Sasa namna ya kuipima chupa kabla haijaingia mtutuni. Kama tayari unayo, hii ndiyo sehemu ya kuzingatia.

Tafuta vikombe vitatu vidogo vya kioo na karatasi nyeupe ya kuweka nyuma yake. Kila kimoja tia dawa kama mililita 10. Kikombe cha kwanza kiache hivyo hivyo, ndicho cha kulinganishia. Cha pili weka kipande cha waya wa umeme wa shaba, sentimita 3, uliomenywa na kusuguliwa kwa msasa mpaka ung'ae. Cha tatu weka msumari wa chuma mtupu, usiopakwa zinki, nao usuguliwe kwa msasa. Msumari wa bati utatoa viputo kwa sababu ya zinki yake na kukuchanganya. Funika vikombe kwa kulegeza ili hewa ipite kidogo, viweke mahali penye upepo, mbali na watoto.

Dawa ya amonia iliyo hai itaanza kuonyesha bluu kwenye kikombe cha waya ndani ya saa chache, na kufikia asubuhi itakuwa imekolea, huku kikombe cha kulinganishia kikibaki na rangi yake ya mwanzo. Dawa zisizo na amonia ni za polepole, zipe saa 24. Kama vikombe vyote vitatu vina bluu ile ile tangu dakika ya kwanza, umeuziwa rangi. Kama waya umebaki unang'aa na maji hayajabadilika baada ya siku nzima, umeuziwa maji, au mafuta mepesi, au amonia iliyokwisha kupotea. Amonia huruka hewani, na chupa iliyofunguliwa muda mrefu hubaki na maji tu. Msumari ukitoa viputo, au ukageuka mweusi au wa rangi ya kutu, hiyo ni asidi na haifai kuingia kwenye bunduki ya mtu yeyote. Msumari kwenye dawa nzuri ya amonia unatakiwa uonekane asubuhi kama ulivyowekwa jana.

Karatasi ya litmasi inamaliza ubishi kwa sekunde mbili. Amonia ni besi, hugeuza litmasi nyekundu kuwa bluu. Litmasi ya bluu ikigeuka nyekundu, ni asidi. Harufu nayo inasaidia: amonia inakata pua na kutoa machozi, asidi ya siki unaijua. Lakini usiinamie chupa na kuvuta. Punga hewa ya juu ya chupa ikujie kwa mkono.

Kwa nini dakika moja haiwezekani? Risasi nyingi za bunduki zina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la aloi ya shaba, kwa kawaida shaba asilimia 95 na zinki asilimia 5. Mtutu wa 7.62 wa NATO una milimita 7.62 kati ya matuta na matuta (sehemu zilizoinuka kati ya mifereji), na milimita 7.82 chini ya mifereji. Risasi inapobanwa humo koti linaacha shaba kidogo, risasi inayofuata inaweka masizi juu yake, kisha shaba tena, kisha masizi. Utando unakaa kwa tabaka kama rangi ya ukuta iliyopakwa mara nyingi. Dawa ya shaba haipenyi masizi, na dawa ya masizi haigusi shaba. Ndiyo maana kazi hii ni ya kurudia, na anayekuahidi mpigo mmoja hajawahi kuifanya au anajua anachokudanganya.

Kazi yenyewe huenda hivi. Toa magazini, fungua chemba, angalia kwa macho na kwa kidole kwamba hamna risasi, kisha toa bolti. Weka bomba la kuongozea ufito upande wa chemba, na ufito upite kutoka nyuma kwenda mbele pale bunduki inaporuhusu, kwa sababu ukingo wa mdomo ukiliwa upande mmoja risasi zitapotea shabaha hata mtutu uwe safi vipi. Toa masizi kwanza kwa dawa yake, vitambaa vitatu au vinne, halafu kausha. Ndipo upitishe dawa ya shaba, brashi ya nailoni mara kumi, kitambaa kingine kilicholowa, na uache kwa dakika ambazo lebo ya mtengenezaji inasema. Kwa dawa kali za amonia hiyo huwa ni dakika chache, si usiku. Usiiache ikakauka mtutuni, kwani amonia iliyokauka ndani inaweza kuuchoma mtutu ukabaki na vishimo. Kitambaa kikavu, tazama rangi, rudia. Ukiona bluu imeisha lakini kitambaa ni cheusi, rudi kwenye masizi. Mwisho futa mabaki yote ya dawa, pitisha mafuta mepesi, na kabla ya kwenda kupiga pitisha kitambaa kikavu.

Rangi ya kitambaa pekee isikutoshe. Washa tochi ndogo upande wa chemba, utazame mdomoni kwa pembe: shaba inaonekana kama michirizi ya rangi ya machungwa juu ya matuta. Mwenye kamera ya kuchungulia mtutu ataona zaidi. Mtutu ukipiga vizuri na michirizi kidogo bado ipo, mimi ningeuacha. Mitutu mingi imeharibiwa na ufito na brashi kuliko na shaba.

Wauzaji hawa hawa wana bidhaa nyingine za kuziangalia. Moja ni "pesti ya mtutu" ambayo ni girisi ya kusagia valvu za injini iliyohamishiwa kwenye kopo dogo. Paka kiasi cha punje ya mchele kati ya vipande viwili vya kioo, sugua mara tano. Ukisikia inakwangua kama mchanga na kioo kikabaki na mikwaruzo inayoshika ukucha, punje zake ni kubwa mno kwa mtutu. Nyingine ni kifaa cha umeme cha kuvuta shaba. Njia hiyo ni ya kweli: mtutu hujazwa maji yenye amonia, fimbo ya chuma inawekwa katikati bila kugusa kuta, mtutu unakuwa chanya na fimbo hasi, kwa volti chache tu. Vile vya kuungaunga vinakuja bila alama ya chanya na hasi, na vingine vinatoa volti za chaja yoyote iliyookotwa. Ukigeuza nyaya shaba haitoki, na ukizidisha umeme unakula chuma.

Ushauri wanaoutoa nao ni hatari. Usichanganye kamwe dawa ya amonia na dawa ya madoa yenye klorini "ili ipate nguvu". Mchanganyiko huo hutoa gesi ya kloramini inayochoma mapafu. Mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi nao usiutie mtutuni: unaleta kutu, unatoa rangi nyeusi ya kiwandani, na ukikutana na madini ya risasi unatengeneza chumvi yake yenye sumu. Na anayekwambia utumbukize maganda ya brasi kwenye dawa hiyo hiyo ya amonia usimsikilize. Jeshi la Uingereza huko India lilisumbuliwa na maganda ya risasi yaliyopasuka yenyewe yakiwa yamehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, na mwaka 1921 ikaelezwa kwamba chanzo ni amonia, iliyokuwa ikitoka kwenye mikojo ya farasi. Ganda lililopasuka likipigwa, gesi inarudi nyuma usoni kwako.

Amonia halisi nayo ina mipaka yake. Iweke mbali na vanishi ya kitako cha mbao na mbali na sehemu zilizopakwa nikeli, kwa sababu chini ya nikeli mara nyingi kuna tabaka la shaba. Dawa ikipenya, nikeli inabanduka. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha.

Kabla ya kununua mwombe muuzaji karatasi ya usalama wa kemikali. Kila mtengenezaji wa kweli anayo, na inataja kama kuna amonia au asidi. Akikosa, au akikutumia picha iliyokatwa jina la bidhaa, achana naye.

Kwa aliyekwisha kuimimina mtutuni na litmasi ikasema ni asidi: usisubiri jioni. Toa bolti, tenganisha mtutu na kitako kama bunduki yako inaruhusu, elekeza mdomo chini. Mimina maji ya moto yenye kijiko cha soda ya kuokea kwa kila lita, kupitia bomba linaloingia chemba ili maji yasifike kwenye triga. Fuatisha maji ya moto matupu, angalau lita moja, kausha kwa vitambaa mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa, halafu pitisha mafuta. Baada ya saa 24 pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, kutu imeanza: rudia mafuta na kitambaa kila siku mpaka kahawia iishe. Ukimulika kwa tochi ukaona vidoa vyeusi visivyofutika, hasa ndani ya chemba au pale mifereji inapoanzia, usiipige bunduki hiyo mpaka fundi wa silaha mwenye leseni aichungulie. Chupa, lebo yake na mazungumzo yako na muuzaji vitunze, usimwage kilichobaki. Ndivyo ushahidi wako.