Plagi ya sumaku ya giaboksi ya lori, nimeikubali
Jamani hii plagi ya kumwagia oili yenye sumaku nimeikubali sana, nimeifunga kwenye giaboksi ya lori na sasa kila nikibadilisha oili kitu cha kwanza naangalia imeshika nini. Ukikuta uji mweusi laini usiogope, huo ni usagikaji wa kawaida, ila ukikuta vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha au kijino cha gia basi paki gari, usijidanganye eti utamalizia safari moja tu. Yangu ilishika vipande vyembamba wakati gia bado zinaingia vizuri kabisa, tukafungua tukakuta beringi imeanza kumenyeka, tukabadilisha hiyo beringi na shafti ikapona.

Kasoro ni kwamba sumaku haivuti shaba, na ringi nyingi za sinkronaiza (kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie laini) ni za shaba, kwa hiyo mwagia oili kwenye beseni safi uiangalie juani, ukiona inametameta dhahabudhahabu na gia zinakwaruza ukiingiza, sinkronaiza hiyo inakwisha. Harufu ya kuungua nayo usiipuuze.

Plagi yenyewe haivuji, ila hakikisha saizi ya uzi wake wa kufungia kabla hujanunua.