Filta ya oili ya Hilux ya dizeli: ipi ununue, ipi uiache, na oili huvujia wapi

Ukiingia duka la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, ukaomba filta ya oili ya Hilux, muuzaji hatakuuliza unataka ya kampuni gani. Atakuuliza, "Bosi, nikupe orijino au ya kawaida?" Hapo ndipo wengi wanapopotea. Hiyo "orijino" inaweza kuwa ya Toyota kweli, na inaweza kuwa imetoka kwa watu ambao wanachojua ni kuchapa maboksi tu. Mpangilio nitakaoutoa hapa kwa hiyo hautazami jina la kampuni peke yake. Unatazama pia nani amekuuzia.

Gari ninalolizungumzia ni pikapu ya Hilux ya kizazi kilichoanza 2004 na kuisha 2015, ile wengi wanaiita Vigo, yenye injini ya dizeli ya D-4D: 2KD ya cc 2494 au 1KD ya cc 2982. Mwenye Hiace au Prado yenye injini hizo hizo asome tu, mengi yanamhusu.

Namba kwanza, rangi baadaye

Namba za filta za Toyota za aina hii, zile za kopo zinazofungwa kwa kuzungusha, huanza na 90915, kisha kistari na namba au herufi nyingine. Hizo za mwisho ndizo zinazotofautisha gari na gari. Usiinakili kutoka kwenye filta iliyopo garini ukadhani umemaliza, kwa sababu hujui fundi aliyepita alifunga nini. Nenda na chesisi namba, muuzaji anayejua kazi yake ataitafuta kwenye mfumo au kwenye kitabu.

Kuna mafundi watakwambia, "Nyuzi zimekubali, hiyo hiyo." Nyuzi, yaani ile mistari ya kuzungushia kwenye tundu la filta, kukubali hakutoshi. Filta mbili zinaweza kuwa na nyuzi sawa huku mpira wa kuzibia wa moja una mzingo mdogo kuliko kitako chake kwenye injini. Mpira unakalia ukingoni. Gari linawaka, halivuji, unaondoka umefurahi. Siku ya mlima na mzigo, presha ya oili inausukuma mpira na oili yote inabaki barabarani.

Nafasi ya kwanza: ya Toyota, kutoka kwa wakala

Hii haina mjadala mrefu. Unalipa zaidi, unapewa risiti, na ukiwa na shaka unarudi. Kama gari ndilo linalolisha familia na uko mbali na gereji, chukua hii. Kinachonunuliwa hapa ni uhakika kuliko karatasi ya kuchujia iliyo ndani, maana karatasi nzuri hata wengine wanaitengeneza.

Nafasi ya pili, na ndiyo ningenunua mimi: kampuni ya filta inayojulikana, kutoka kwa msambazaji

Denso na VIC za Japani, Sakura ya Indonesia, GUD ya Afrika Kusini, Mann-Filter na Mahle za Ujerumani. Hizi ni kampuni zinazoishi kwa kutengeneza filta au vipuri vya magari, na Denso ni mshirika wa Toyota wa miaka mingi. Kwa mtu anayemwaga oili kila kilomita 5,000, kama wengi wetu tunavyofanya kwa sababu ya vumbi na foleni, sioni sababu ya kulipa ya wakala kila mara.

Kati ya hizo ningeanza na Sakura au VIC. Si kwamba zinawashinda Wajerumani, ila zimeenea, wauzaji wanazijua namba zake, na ukikwama Mbeya au Kisumu una nafasi nzuri ya kuipata ile ile. Filta bora duniani ambayo haipatikani siku ya sevisi itakufanya ufunge chochote kilichopo.

Nunua kwa msambazaji au duka ambalo mali haikai sana. Ukiona filta zimening'inizwa mlangoni jua linazipiga kutwa, pita. Mpira wa filta ni mpira kama mwingine, ukikaa kwenye joto unakakamaa, na mpira uliokakamaa hauzibi hata uukaze vipi.

Nafasi ya tatu: ya bei rahisi isiyojifanya nyingine

Kuna filta za Kichina zenye majina ambayo hujawahi kuyasikia. Sizidharau zote. Angalau zinajiuza kwa jina lao. Kama mfuko umebana, unaweza kuifunga, lakini ikague kabla ya kulipa na usiivushe hizo kilomita 5,000.

Namna ya kuikagua, hapo hapo kaunta. Igeuze mdomo juu. Pitisha ukucha kwenye nyuzi za katikati: ziwe safi, zisiwe na vinyweleo vya chuma. Bonyeza mpira wa nje kwa kidole gumba, uzame kidogo na urudi, na uwe umekaa sawasawa kwenye mfereji wake bila kuinuka upande mmoja. Kisha tazama vile vitundu vidogo vinavyozunguka tundu la katikati. Chungulia ndani yake: unatakiwa kuona mpira mwembamba umevifunika kwa ndani. Uguse taratibu na ncha ya njiti ya kiberiti, ulegee na kurudi. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi yote kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ukizima injini. Ukikosekana, au ukiwa mgumu kama plastiki, injini ambayo filta yake imelala ubavu au imegeuka mdomo chini italia kavu kwa sekunde kadhaa kila asubuhi kabla oili haijapanda. Mwisho itikise karibu na sikio. Isisikike kitu kinachogonga ndani.

Nafasi ya mwisho kabisa: "orijino" ya mashaka

Hii naiweka chini ya ile ya Kichina, na najua kuna watakaobisha. Filta ya bei rahisi inakupa kile ulicholipia. Feki inakutoza kwa jina la orijino, na juu ya hapo inakufanya uiamini, uikimbize kilomita nyingi kuliko inavyostahili.

Sababu ya feki kudumu sokoni ni kwamba haipigi kelele. Ndani ya filta nyingi za aina hii kuna valvu ya dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, valvu inafunguka oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko injini kukosa oili kabisa. Sasa mtengenezaji wa feki akiweka springi dhaifu, valvu hiyo inaweza kubaki wazi muda mwingi. Taa ya oili haiwaki. Gari linavuta kama kawaida. Uchafu unazunguka kwenye beringi na kwenye tabo (ile inayosukuma hewa kwenye injini), na siku tabo inapoanza kupiga mluzi hakuna anayeikumbuka filta.

Dalili za feki: herufi za boksi zimefifia au zimepinda, namba ya kwenye boksi hailingani na ya kwenye kopo, rangi ya kopo inabanduka kwa ukucha, bei ni nusu ya ile ya wakala na muuzaji anataka muamue haraka. Ila maboksi siku hizi yanachapwa vizuri sana, na kopo tupu za orijino hukusanywa pia. Kwa hiyo ukitupa boksi la orijino, lichane. Kama una wasiwasi na filta uliyokwisha kuitumia, ikate kopo lake kwa msumeno wa chuma uone mikunjo ya karatasi. Ikiwa michache, imeachana, au gundi ya pembeni imebanduka, umejua duka la kutorudi.

Vidogo vinavyosahaulika dukani

Washa ya nati ya sampu, yaani ile ringi bapa inayoziba nati ya kumwagia oili. Nunua mpya kila sevisi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko soda, na ndiyo chanzo cha matone mengi ambayo watu wanaisingizia filta. Washa ikishabanwa mara moja imelala, ikirudishwa inahitaji nguvu zaidi kuziba, na nguvu hiyo ndiyo inayokula nyuzi za sampu.

Oili: injini hizi zinameza karibu lita 7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo dumu moja la lita 5 halitoshi. Ongeza mawili ya lita moja. 15W-40 ya dizeli kutoka kampuni yenye jina inatosha kwa joto letu.

Kifaa cha kufungulia filta: kikombe kinachoingia sawasawa kwenye kopo ni kizuri kuliko vyote. Spana ya mkanda ya pili. Spana ya cheni inafanya kazi lakini inaminya kopo. Kutoboa filta kwa bisibisi ili uizungushe ni njia ya mwisho, na kopo likichanika ukabaki na kishina kwenye nyuzi za injini utanikumbuka. Vyote hivi ni vya kufungulia. Kufunga ni mkono.

Valvu za kumwagia oili bila kufungua nati, zile wanazozisifu sana, sizipendekezi kwa pikapu inayokwenda shamba bila bamba la kukinga sampu. Zinachomoza chini, na jiwe moja linatosha.

Mahali oili inapovujia

Kisababishi cha kwanza ni mpira wa zamani kubaki umeng'ang'ania kwenye injini. Unafunga filta mpya juu yake, mipira miwili inakaliana, na ukiwasha inatoka oili kwa wingi kama bomba. Kwa hiyo filta ikishuka tu, itazame mdomoni: mpira upo? Kama haupo, uko juu. Ung'oe, futa kitako kwa tambara lisilotoa nyuzi, kisha pitisha kidole kuzunguka. Kidole kinaona kuliko macho ukiwa umelala chini ya gari.

Paka oili mpya kwenye mpira wa filta. Ukiufunga mkavu unajikunja ukizungushwa. Anza kuzungusha kwa vidole bila kulazimisha, ikigoma rudisha nyuma uanze upya. Mpira ukigusa kitako, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Basi. Wale wa "kaza mpaka ilie" ndio wanaorudi sevisi ijayo kupigana na cheni.

Nati ya sampu ianze kwa vidole pia, mizunguko kadhaa, ndipo ushike spana. Usiweke silikoni, usizungushie tepu ya bomba la maji. Silikoni inayominywa ndani inakatika vipande, na vipande vinakwenda kwenye chujio la pampu ya oili. Kama nyuzi za sampu zimekwisha, tengeneza nyuzi au badilisha sampu. Bolti nene ya kujichonga inasaidia wiki mbili, halafu inakuachia ufa.

Hilux iko juu, wengi wanaingia chini yake bila jeki. Kama wewe unahitaji kuinua, weka stendi, zuia magurudumu kwa mawe, usiamini jeki peke yake. Injini iwe ya vuguvugu, siyo ya moto.

Ukishamimina oili, mwombe mtu awashe wewe ukiwa pembeni unachungulia filta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Ukiona mchirizi wowote, zima hapo hapo. Kama pamekauka, acha inguruma dakika mbili, zima, subiri oili ishuke, kisha pima kwa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na ujazilize, kwa sababu filta mpya imekunywa sehemu yake. Futa filta na nati vikauke kabisa ili kesho baada ya safari ya kwanza ujue kama unyevu ni mpya au ni wa leo.

Filta ya zamani igeuze mdomo chini kwenye beseni usiku mzima. Oili chafu irudishe kwenye madumu yaleyale. Wanaopaka mbao kuzuia mchwa wataichukua, na baadhi ya vituo vya mafuta huipokea. Isiende mtaroni, na usiishike kwa mikono mitupu, ina vitu vya kansa.