Nilipima gari tano kwa boksi la keki

Kazi yangu ni keki. Za harusi, za kipaimara, za mtoto kutimiza mwaka. Naoka nyumbani Goba na wateja wangu wengi wako Sinza, Mikocheni na Kinondoni, kwa hiyo keki lazima isafiri. Miaka mitatu imesafiri kwa bajaji, mimi nimeipakata kama mtoto mchanga. Halafu siku moja bajaji ikaruka tuta bila kupunguza mwendo, na ghorofa ya juu ya keki ya harusi ikanilalia kifuani. Bibi harusi alilipokea jambo lile vizuri kuliko mimi. Wiki ileile nikaanza kutafuta gari.

Bajeti yangu ilikuwa milioni 12, humo humo bima na kubadilisha jina kwenye kadi. Niliulizia kuagiza, nikaacha. Kwa hela yangu ningepata gari ya zamani tu, na TRA, mamlaka ya mapato, gari iliyopita miaka 10 wanaibandika asilimia 30 ya uchakavu, mbali na ushuru mwingine. Nikarudi kwenye za mkononi, zilizokwishasajiliwa hapa nchini, zile za namba D, yaani herufi za kibao zinaanza na D.

Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: Toyota IST. Fundi IST, shemeji IST, dereva wa Bolt IST, hadi mama anayeniuzia mayai. Mimi nikiambiwa kitu na watu wote kwa pamoja huwa naingia ubishi. Nikachukua boksi la keki ya ghorofa tatu, inchi 16 chini kila upande na inchi 22 kwenda juu, nikatia mchele kilo nane, nikalifunga, nikawa natembea nalo kwa kila muuzaji. Sharti la pili: gari ije kwangu Goba, ipande barabara ya vumbi kutoka lami hadi getini. Kuna madalali wawili waliposikia hilo hawakupokea simu tena.

Toyota Passo ilikuwa ya kwanza. Ndogo kwa nje, ila ndani kichwa kinapumua, na mkono wa gia uko kwenye dashibodi, kwa hiyo katikati ya viti vya mbele pako wazi. Kuiegesha ni raha tupu. Tatizo langu lilikuwa pale inaposimama kwenye foleni: injini ni ya silinda tatu, inatetemeka kidogo kidogo, na nikiweka mkono juu ya boksi nausikia mtetemo ule. Mtu mwingine asingejali. Mimi nikawaza maua ya krimu.

Toyota Vitz niliijaribu siku iliyofuata, ile ya umbo la pili lililoanza 2005. Muuzaji akaanza kuiponda Passo: gari ya watoto, haina nguvu. Nikaomba kadi ya gari, ukubwa wa injini cc 990. Fundi wangu akacheka, akaniambia hizi mbili ni injini ileile, 1KR, mwenzake wa kwenye Passo. Lakini tuseme kweli, Vitz imetulia zaidi barabarani na kiti cha dereva hakichoshi mgongo. Ila mlima wa kwangu uliiumbua. Tulipanda watu watatu na mchele, AC imewashwa, gari ikaanza kunung'unika, na muuzaji mwenyewe akanyoosha mkono akazima AC kimyakimya, akidhani sijamwona. Krimu bila AC, saa nane mchana, Dar es Salaam! Kama unakaa Mikocheni au Upanga na unapeleka watoto shule, nunua hiyo Vitz wala usiangalie nyuma. Inanusa mafuta tu, hainywi.

Mazda Demio sitaisema sana. Nzuri kwa macho, usukani mwepesi, injini ya lita 1.3 inavuta kuliko hizo mbili. Mdomo wa buti lake uko juu, na kunyanyua keki ya kilo 12 kuivusha pale ukiwa umevaa gauni la kupelekea keki ukumbini ni kujitafutia aibu. Nikaishukuru nikaondoka.

Kwenye Honda Fit naomba mnivumilie, maana hii gari niliipenda. Mwenyewe, kijana wa benki, hata hakuniuliza boksi ni la nini. Alishika kikalio cha kiti cha nyuma akakiinua, kikasimama wima kikajishikiza chenyewe, na pale chini pakabaki sakafu tupu. Boksi langu likasimama hapo nyuma ya kiti cha dereva, limenyooka, halina pa kuangukia. Honda waliweka tenki la mafuta chini ya viti vya mbele badala ya nyuma, ndiyo maana nafasi ile ipo. Halafu akalaza viti vyote vya nyuma, sakafu ikawa moja mpaka mlangoni. Nilikaa pale kwenye ukingo wa buti nikawa nahesabu keki tu.

Fundi wangu alipofungua boneti akaniita. "Dada, njoo uone. Silinda nne, plagi nane." Nikadhani ananitania. Kumbe Fit za mwanzo zenye injini ya 1.3 ya i-DSI kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo siku ya kubadilisha unanunua nane. Hilo ningelivumilia. La pili ni gia, ambayo ni CVT, otomatiki inayotumia mkanda, na inataka oili yake yenyewe. Fundi wa mtaani akikumiminia ile oili nyekundu ya gia za kawaida kwa sababu ndiyo aliyonayo dukani, jiandae kutafuta gia boksi. Hata hilo nilikuwa naanza kulizoea kichwani.

Tukaenda Goba. Korongo la kwanza tukapita, la pili tukapita, la tatu tumbo likagusa. Kijana akarudi nyuma, akajaribu kupitia upande wa mferejini, likagusa tena, safari hii kwa muda mrefu, mlio wa sufuria kuburutwa kwenye sakafu ya saruji. Hakuna aliyesema kitu. Na ilikuwa Septemba, barabara kavu. Mvua za masika zikishapita pale makorongo yanakuwa mahandaki. Nilishuka nikamwambia kijana wa watu gari yake ni nzuri, na nilimaanisha.

Basi, IST. Niliziona tatu. Ya kwanza ilikuwa yadi moja, dashibodi inasoma kilometa 78,000 kwa gari ya 2003, wakati mpira wa pedali ya breki umesuguliwa hadi mistari yake imeisha na usukani unang'aa kama sahani. Nikauliza, nikajibiwa "mama, ilikuwa inaendeshwa na Mjapani mzee". Ya pili tuliahidiana saa nne, nikafika saa moja na nusu asubuhi kwa makusudi. Nikaweka kiganja kwenye boneti, ya moto. Mtu anayewasha injini mapema hivyo kabla mteja hajafika ana jambo ambalo injini ikiwa ya baridi italisema. Sikusubiri kulisikia.

Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wa sekondari, ya 2004, kadi inasema cc 1290. Injini ya baridi iliwaka mara moja, mfuniko wa oili ulikuwa safi kwa chini, hana deni la trafiki. Boksi liliingia kwenye buti baada ya kulaza viti, ila hupati sakafu moja kama ya Fit, na lilikaa limeinama kidogo. Kwenye boksi ilipata alama ya tatu, niseme ukweli. Ila mlima ilipanda na watu wanne, AC imewashwa, na korongo la tatu ililipita kama halipo. Imeinuka kuliko zote nilizojaribu.

Bei ndiyo iliyonichoma. Alianzia milioni 12.2, tukamalizana kwenye 11.3. Vitz safi kuliko hiyo niliachiwa kwa milioni moja na nusu chini yake. Tofauti hiyo unalipia jina, gari yenyewe ndani ni ya kawaida kabisa, plastiki ngumu na kitambaa cha kijivu. Ila jina nalo lina faida yake: mwezi wa pili tangu niinunue bushi za mbele zilianza kugonga, nikaenda kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, nikapata kwenye duka la kwanza, na kabla ya adhuhuri nilikuwa narudi nyumbani. Sikuhitaji kumweleza fundi chochote. Hasara ya jina ni kwamba na wezi wa vioo wanalijua, kwa hiyo namba nilichorewa kwenye vioo na taa kabla hata sijamaliza kubadilisha kadi.

Nimeitumia miezi minne. Nikijaza tenki na kupima mpaka kujaza tena, inanipa kilometa 12 na ushee kwa lita, foleni ya Mwenge humo humo na AC haizimwi. Vitz ingenipa zaidi. Sakafu ya buti nimeitatua kwa seremala wa jirani, kakata plywood, kaiwekea vijiguu viwili upande ulio chini na zulia la mpira juu. Keki ya ghorofa tatu imeshafika Kibaha nzima, hadi ua la juu.

Kero niliyobaki nayo ni mita ya mwendo. Kwenye IST hii imewekwa katikati ya dashibodi, siyo mbele ya dereva, kwa hiyo kila aliyepanda anaiona. Mama mkwe wangu akikaa mbele safari nzima ni kunisomea. "Mwanangu, sitini hiyo. Mwanangu, sabini." Na siku hizi mtoto wa nyuma naye amejifunza namba.