Kamera kutoka nje: lenzi chukua, bodi piga hesabu kwanza

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani nimeweka bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, lenzi mbili, tripodi na betri za akiba. Ubora wa picha tuuweke kando kwa leo. Nataka tuvipitie vifaa hivi kwa swali moja: kipi ukikinunua nje ya nchi kinabaki nafuu kweli, na kipi unafuu wake unaishia forodhani?

Jibu langu nawapa sasa hivi, asiye na muda asisubiri. Lenzi, nunua nje bila kusita. Bodi, piga hesabu kwanza, tena hesabu kamili. Betri, nunua hapo hapo ulipo. Sasa twende kwenye sababu.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Mtu anaona bodi inauzwa dola 1,000. Anaulizia, anaambiwa ushuru wa forodha ni asilimia 10 na kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ni asilimia 20. Anajumlisha anapata 30, anatenga dola 1,300. Mzigo ukifika anadaiwa zaidi, anaona kama ametapeliwa. Hajatapeliwa. Nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya bei ya kitu pamoja na nauli na bima ya mzigo. Tuchukulie nauli na bima ni dola 60. Thamani ya forodha ni 1,060. Asilimia 10 yake ni 106, tumefika 1,166. VAT inakokotolewa juu ya hiyo 1,166, siyo juu ya ile 1,000 ya dukani. Asilimia 20 yake ni dola 233 na senti 20. Jumla, dola 1,399 na senti 20. Karibu dola 100 juu ya alichotenga, na bado kampuni iliyoleta kifurushi haijadai ada yake ya kukulipia kodi forodhani kabla ya kukukabidhi mzigo. Ada hiyo huwa ni mstari wa peke yake kwenye bili. Itafute, usiichanganye na kodi ya serikali, na ukiweza iulizie kabla hujalipia usafirishaji.

Katika hesabu ile, kitu kilicho mikononi mwako zaidi ni kiwango cha ushuru. Hakiamuliwi na bei ya kamera, kinaamuliwa na jina ambalo mzigo wako umepewa. Duniani kote bidhaa hupangwa kwa msimbo wa HS, yaani mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, na tarakimu zake 6 za mwanzo ni zile zile kwa kila nchi inayoutumia. Kamera za dijitali ziko chini ya 8525. Lenzi za kamera ni 9002.11. Tripodi na vijiti vya kushikia kamera vimepewa msimbo wao tangu 2017, ni 9620. Droni nazo zilipata kifungu chao mwaka 2022, namba 8806. Kabla ya hapo kulikuwa na mabishano mengi: hiki ni chombo cha kuruka, au ni kamera yenye mabawa?

Na jina linabeba pesa. Mkumbuke zile kamera za picha zilizokuwa zikikata kurekodi video zikifika dakika 29 na sekunde 59? Wengi waliamini ni joto tu. Joto lilikuwepo, lakini sababu kubwa ilikuwa forodha. Umoja wa Ulaya uliihesabu kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa ni kamera ya video, na kamera ya video ilikuwa na ushuru ambao kamera ya picha haikuwa nao. Watengenezaji wakaweka kikomo sekunde moja kabla ya mpaka. Kamera za picha za dijitali zilikuwa zimeshaondolewa ushuru na nchi zilizojiunga na mkataba wa bidhaa za teknolojia ya habari wa mwaka 1996, chini ya Shirika la Biashara Duniani. Orodha hiyo ilipanuliwa 2015, na kamera nyingi za siku hizi hazina tena kikomo kile.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kama nchi yako haitozi ushuru kwa kamera za dijitali, ile 1,060 inaongezwa VAT tu na unafika 1,272. Ofisa akiiweka kwenye kundi lingine lenye asilimia 10, unalipa 1,399. Kamera ni ile ile. Ndiyo maana nasema, fungua ukurasa wa viwango vya forodha vya nchi yako, tafuta 8525 na 9002, uvijue viwango hivyo kabla hujabonyeza kitufe cha kununua.

Sasa sogeeni mwone ankara hizi mbili. Hii ya kwanza imeandikwa "vifaa vya kamera, seti 1", bei moja, basi. Ndani ya hiyo seti kuna bodi, lenzi, begi na kadi za kumbukumbu. Begi lina msimbo wake, na katika nchi nyingi ushuru wa mabegi ni mkubwa kuliko wa kamera. Ofisa anayesoma mstari huu mmoja hana namna ya kuvitenganisha, na akiamua kuweka yote kwenye kiwango cha juu huna karatasi ya kumpinga. Hii ya pili ina mstari kwa kila kitu: aina na modeli, namba ya utambulisho iliyochapwa chini ya kamera, nchi ilikotengenezwa, bei yake, na nauli kando. Mwombe muuzaji akuandikie hivi. Ni dakika chache za kazi yake, na muuzaji anayekataa kuziandika mimi simnunulii.

Halafu kuna wale wanaokwambia, "Nikuandikie ni zawadi? Niweke dola 150?" Kataa. Nasema hivi kwa sababu nawajali, siyo kwa kuhubiri sheria. Forodha wanaitafuta bei ya modeli hiyo mtandaoni kwa dakika moja, wanakukadiria upya, na faini juu. Kifurushi kikipotea njiani, bima inakulipa thamani iliyoandikwa, zile 150. Na siku utakapodai dhamana ya kiwandani, karatasi yako ya manunuzi inasema kamera ya elfu moja ulinunua kwa bei ya chaja.

Kwa anayesafiri na kununua dukani mwenyewe, mambo ni tofauti, maana hapo kuna kodi ya kurudishiwa. Sheria hizi hazifanani hata kidogo. Uingereza, ukiitoa Ireland ya Kaskazini, iliacha kuwarudishia watalii VAT ya bidhaa wanazobeba wenyewe tangu 1 Januari 2021, na bado kuna watu wanapanga safari wakidhani ipo. Hong Kong haina VAT kabisa, kwa hiyo hakuna cha kudai. Marekani haina VAT. Kuna kodi ya mauzo ya majimbo, na majimbo kama Oregon na Delaware hayatozi kodi hiyo. Japani kodi ni asilimia 10, na mgeni akionyesha pasipoti katika duka lenye kibali huuziwa bila kodi. Lakini kuanzia 1 Novemba 2026 utaratibu unabadilika: unalipa kodi kwanza, kisha unarudishiwa baada ya forodha kuthibitisha kwamba bidhaa inaondoka.

Katika Umoja wa Ulaya nawaomba mtulie kidogo. Mgeni asiyeishi ndani ya Umoja anaomba fomu ya kurudishiwa kodi dukani akiwa na pasipoti, na bidhaa lazima itoke ndani ya miezi mitatu baada ya mwezi ulionunua. Muhuri wa forodha kwenye fomu hiyo, au uthibitisho wa kidijitali, unapatikana kwenye kituo cha mwisho cha kutokea katika Umoja. Ofisa ana haki ya kukwambia, "Nionyeshe kamera." Kama umeshaikabidhi na begi kubwa, umepoteza. Anza na forodha, begi baadaye. Na usitegemee kurudishiwa asilimia 19 kamili ukinunua Ujerumani. Kwenye bei ya euro 1,190, kodi iliyomo ni 190, sawa na kama asilimia 16 ya ulicholipa, na kampuni inayokushughulikia marejesho inakata chake hapo.

Ukirudishiwa kodi kule, usisahau kwamba nchi unayoingia nayo inasubiri yake. Kila nchi ina kiwango cha msamaha kwa msafiri. Anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege ni euro 430, anayeingia Uingereza ni pauni 390, na kwa kamera ya maana unakivuka. Pita mlango mwekundu, ule wa wenye bidhaa za kutangaza forodhani, toa risiti, lipa, weka stakabadhi. Ile stakabadhi ina thamani kubwa kuliko mnavyodhani, nitawaambia kwa nini.

Haya, bodi. Kinachonifanya nisite kuhusu bodi ni dhamana kuliko hata kodi. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya bodi kwa eneo ilikouzwa tu. Nikon ya Marekani, kwa mfano, haitengenezi kamera zilizoingia huko bila kupitia wakala wake rasmi, hata ukitaka kulipia. Ukilazimika kuirudisha bodi ilikotoka ikatengenezwe, ikirudi inaingia forodhani upya kama mzigo mpya, isipokuwa kama ulichukua hati ya kuitoa kwa muda kabla hujaituma. Hapo ndipo ile stakabadhi ya kodi inapokuokoa: inathibitisha kwamba kamera hii, yenye namba hii, ilishalipiwa. Angalia na lugha pia. Kamera nyingi za Sony zinazotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na hilo hulibadilishi kwenye mipangilio.

Lenzi haina menyu, haina lugha, haina chaja. Ina sehemu chache za kuharibika na inadumu miaka mingi kuliko bodi, kwa hiyo hata dhamana ikiwa ya eneo moja, hatari unayobeba ni ndogo. Hii ya pili hapa ni ya mtumba, na mitumba ya lenzi ndiyo napenda zaidi kuitafuta nje. Mulika tochi kutokea nyuma namna hii. Mnaona ule utandu kama nyuzi za buibui pembeni ya kioo? Ule ni ukungu, yaani kuvu, na ukungu hausamehe. Vumbi kidogo lisikutishe. Kwenye ankara muuzaji aandike kwamba imetumika na hali yake ilivyo, ili isikadiriwe kwa bei ya mpya.

Tripodi ni nzito, nauli inaingia kwenye thamani ya kodi, sioni haja.

Betri ni suala la ndege kabla ya kuwa la forodha. Betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, inakaa nawe juu, ncha zake za umeme zimefunikwa. Mpaka wati-saa 100 hakuna shida. Kutoka 100 hadi 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na mwisho ni mbili. Someni hapa kwenye lebo: volti 7.2, mAh 2,280, yaani Ah 2.28. Zidisha 7.2 kwa 2.28, unapata wati-saa 16.4, uko salama. Kwa posta ni usumbufu mtupu, na wasafirishaji wengi hawazipokei zikiwa peke yake.

La mwisho ni kwa wanaotoka na vifaa vyao kwenda kufanya kazi nje. Visajili forodhani kabla ya kuondoka, namba ya kila kifaa iandikwe, ili ukirudi usitozwe kama umenunua safarini. Marekani, kwa mfano, wana fomu 4457 kwa ajili hiyo, na nchi nyingine zina ya kwao, iulizie. Ukiwa na kontena zima la vifaa, omba hati ya ATA Carnet, iliyotokana na mkataba wa Brussels wa 1961: vifaa vinaingia kwa muda bila kulipiwa ushuru, na hati inadumu mpaka mwaka mmoja. Iombe mapema, kwa sababu unatakiwa kuweka dhamana ya fedha, na orodha ikishatolewa huwezi kuongeza kitu, hata lenzi moja.