Kava la godoro la kushona nyumbani: hela ikiwa kidogo, anza na pazia la mtumba

Godoro letu la wageni hapa Kasese nililijaza mwenyewe kwa pamba: futi tatu kwa sita, unene inchi nne. Wiki nzima nyumba ilipiga chafya. Lakini kujaza ni kazi ya siku mbili tatu ikaisha, kava ndilo utakaloishi nalo miaka. Likiwa jepesi, pamba inatoka nje kidogo kidogo na unaamka na nyuzi nyeupe kwenye nywele. Na kama halivuliki, umewajengea kunguni nyumba ya kudumu.

Kabla ya kuuliza bei, jua ndani ya godoro lako kuna nini. Sponji haichagui kitambaa, inachotaka ni kufunikwa tu, maana ikiachwa kwenye mwanga inageuka njano kisha inapukutika unga. Pamba na sufi hupenya popote penye tundu. Nyasi na majani makavu ya mgomba yana ncha, yanachoma. Kwa hizo nne, mimi hushona mara mbili: mfuko wa ndani uliozibwa pande zote, halafu kava la nje la kuvua na kufua. Najua ni gharama. Ila ukiruka mfuko wa ndani, siku ya kufua utamwaga pamba yote uani, na upepo hausubiri.

Kwa kava la nje, namba moja kwangu ni pazia la mtumba, au mivumba kama tunavyosema huku. Lina uzito na upana, rangi yake imeshafuliwa ikatulia, na kama lilikuwa la kujikunyata limeshajikunyata huko lilikotoka. Kampala utayapata Owino, lile soko la St. Balikuddembe. Miji mingine, vizia siku ya gulio na uwahi robota likifunguliwa. Rais Museveni alitangaza Agosti 2023 kwamba nguo za mitumba zitapigwa marufuku, lakini wauzaji bado wapo na mazulia yao ya plastiki chini.

Usichague pazia kwa maua yake. Liinue juani: ukiona vitundu vya mwanga vimetapakaa kama nyota, rudisha. Geuza upande wa nyuma pia. Kuna mapazia yaliyopakwa kitu kama mpira ili kuzuia mwanga, na hayo ndiyo yaliyonitia mimi hasara. Mtoto alilalia moja usiku mmoja tu, asubuhi shuka lilikuwa linakamuka jasho. Ukifika nyumbani, kabla halijaingia chumbani, lichemshe kwenye sufuria kubwa, maana mayai ya kunguni hayaonekani na macho yaliyochoka. Lisiloingia sufuriani lipigwe pasi ya moto kwenye mapindo.

Ya pili ni kaki, ile ya sare za shule. Imefumwa kwa mshazari, imebana, na ncha ya nyasi inapata shida kupita. Inauzwa kwa upana wa inchi 58 hadi 60, kwa hiyo godoro la futi nne linaenea bila kuunga katikati. Ningeiweka ya kwanza kama si bei. Kama mtoto anaenda bodingi na godoro litaburutwa kwenye sakafu za mabweni, toa hela ya kaki na usijute. Muulize muuzaji akukatie uzi mmoja uuchome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Mchanganyiko wa pamba na poliesta unakubalika, hukauka haraka wakati wa mvua. Poliesta tupu kwa joto la Kasese, hapana.

Kitenge nakiweka cha tatu, ingawa moyo unakitaka cha kwanza. Kwa godoro la futi tatu hesabu yake inapendeza. Upana: inchi 36 za godoro, 4 za unene, 2 za mishono, jumla 42, na kitenge kina kama 45. Urefu: 72, na 4, na 2, ni 78. Mara mbili, juu na chini, ni 156, ongeza 9 za mdomo wa kukunjia ndani, unapata yadi nne na nusu na ushee. Kipande cha yadi sita kinakubakizia foronya moja. Tatizo ni wepesi wake, kinachakaa pale makalio yanapokaa. Tena vile vya pamba hujikunyata. Changu nilikishona kikiwa kipya, kikafuliwa, na kulivalisha godoro ikawa kama kusukuma muhogo kwenye soksi. Nilipokirudisha, fundi alikitazama akauliza taratibu, "Mama, ulikiloweka kabla ya kuniletea?" Nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba. Loweka kwanza, kausha, ndipo upime.

Marekani, kile kitambaa cheupe kilichofifia, kwa nje kinashika nafasi ya nne kwa sababu kinaonyesha kila doa. Kwa mfuko wa ndani, hapo hakina mpinzani: ni rahisi, kinapumua, na hakuna anayekiona. Jina lake lilitokana na nguo walizoleta wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kule Zanzibar katika karne ya 19, na bado tunakiita hivyo hata kikiwa kimetoka Asia. Jihadhari na kilichojazwa wanga. Kisugue kati ya viganja juu ya nguo nyeusi. Unga mweupe ukidondoka, ujue ukikifua mara ya kwanza kitabaki kama chandarua, na sufi itapita humo ikicheka.

Nailoni, turubai na magunia ya plastiki yako mwisho. Hayapitishi jasho, na kila ukijigeuza nyumba nzima inajua. Nailoni nakubali sehemu moja tu: kipande cha kiunoni, chini ya kava, kwa mtoto anayekojoa. Gunia la katani linaweza kukaa chini ya godoro la nyasi kupunguza baridi ya sakafu, lakini ngozi isiliguse.

Limebaki suala la kufunga. Fundi wengi watakushawishi zipu, na zipu ya futi sita inapendeza mpaka jino moja ling'oke. Mimi huomba mdomo wa foronya, ule unaokunjwa ndani, ndiyo maana ya zile inchi 9, na kamba tatu za kitambaa hicho hicho. Mishono nayo iwe ya kukunjwa mara mbili na kupigwa bapa, isiachwe na masikio kwa ndani ambako kunguni hujificha. Fundi atalalamika kwamba inamla uzi. Mwongezee kidogo, usimwache apige mshono mmoja.