Saa ya kifahari ya mashine: ipi haitakusumbua?

Bei kubwa hainunui uimara. Inanunua dhahabu, jina na ustadi wa mikono. Ndani ya saa, springi nyembamba kuliko unywele inapiga, kwenye saa nyingi za leo, mara 8 kwa sekunde, usiku na mchana, na mafuta yanayolainisha ncha za mihimili ya magurudumu hukauka taratibu hata saa ikikaa kabatini. Kila kazi ya ziada ni magurudumu zaidi ya kuharibika. Kwa hiyo nimezipanga kwa usahili wa mashine na urahisi wa kuzitengeneza, bila kutazama bei.

1. Otomatiki (inayojijaza yenyewe mkono ukitembea) ya mishale mitatu yenye mashine ya kawaida. Tafuta ETA 2824-2 au Sellita SW200. Mafundi wengi wanazijua na spea zake zinapatikana, hivyo ikigoma huna haja ya kuisafirisha hadi Uswisi. Wapo wanaozidharau kwa sababu zimo pia kwenye saa za bei nafuu. Mimi naona hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

2. Mashine ya kampuni yenyewe, iliyopimwa. Rolex wanaahidi saa isipotee zaidi ya sekunde 2 kwa siku, mbele au nyuma. Omega zenye cheti cha Master Chronometer haziruhusiwi kuchelewa. Zinaweza kuwahi hadi sekunde 5 tu, na zinastahimili sumaku ya gausi 15,000. Zote zina dhamana ya miaka 5. Nimeziweka nafasi ya pili kwa sababu ya sevisi: spea nyingi zimeshikwa na kampuni, kwa hiyo bei na foleni ni zao. Mashine ikiwa ndiyo kwanza imetoka, subiri miaka michache kasoro zake zijulikane.

3. Kronografu, yaani saa yenye vitufe vya kupimia muda. Inapendeza, lakini sevisi yake ni ghali zaidi. Kabla ya kulipa, bonyeza vitufe, iache ikimbie dakika kadhaa, kisha irudishe: mshale usiotua sawasawa kwenye alama ya juu ni sababu ya kuiacha.

4. Kalenda ya kudumu (inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi) na tourbillon (kizimba kinachozungusha sehemu inayopiga). Usiinunue kama ndiyo saa yako pekee.

Saa yenye tarehe ina hatari ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, meno ya tarehe huwa yameshikana. Ukiibadilisha tarehe kwa haraka wakati huo, kwenye mashine nyingi unaweza kuvunja jino. Sogeza kwanza mshale mfupi hadi kwenye 6, ndipo ubadilishe.

Saa ikianza ghafla kuwahi kwa dakika nzima kwa siku, usikubali kufunguliwa mashine kabla fundi hajaitoa sumaku. Spika ya simu na vifungo vya sumaku vya mikoba huifanya springi igandamane. Kuitoa ni kazi ya sekunde chache.

Ukinunua iliyotumika, dai karatasi za sevisi na ipimwe maji mbele yako, maana mipira ya kuzuia maji huzeeka. Maandishi ya mita 30 yanatosha kunawa mikono, si kuogelea.

Na kama unachotaka ni majira sahihi tu, nunua Grand Seiko ya betri yenye mashine ya 9F: haipotei zaidi ya sekunde 10 kwa mwaka, mbele au nyuma.